Samaki wa Mama Wamepinda Mgongo

"Umeniuzia vilema! Mimi nilitaka samaki, sikutaka ndoana!"

Bi Futi, fundi cherehani, alisimama mbele ya kibanda cha muuza samaki wa mapambo, chupa ya jemu mkononi. Ndani yake samaki mdogo kuliko kidole cha mtoto alikuwa akiogelea upande upande, mgongo umepinda.

"Ulimnunua lini, dada?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Basi na mimi nirudishiwe ujana wangu. Na suruali yangu niliyokuletea je? Ilikuwa kupunguzwa miguu tu. Huu ni mwezi wa saba naambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi ya mwaka gani?"

Hapo Bi Futi akashusha chupa. Fundi cherehani akikwambia kesho, njoo na godoro, na yeye hakuwa bora kuliko wenzake.

Lakini hakuja pale kwa ajili ya samaki mmoja. Mama yake mzazi alikuwa kitandani mwaka wa pili, kapooza upande mmoja, ulimi umefungika. Kulishwa, alilishwa. Kugeuzwa, aligeuzwa. Jambo moja tu alilifanya mwenyewe: kuwafuata kwa macho samaki wa kwenye tangi la kioo, juu ya kabati miguuni pake. Walikuwa thelathini, sasa wamebaki kumi na tisa.

Muuza samaki akainua chupa kwenye mwanga. "Kupinda kuna mengi. Yuko anayezaliwa hivi kwa sababu ndugu wameoana mno humo tangini. Yuko wa chakula kibovu, yuko aliyegongwa. Na kuna ugonjwa. Huyu kazaliwa hivi?"

"Mwezi uliopita alikuwa kanyooka kama rula."

Mzaha ukamtoka muuza samaki usoni. "Twende nikaone."

Chumbani muuza samaki alimwamkia mama kwa adabu. Macho ya mama yakamgusa, yakarudi kwenye maji.

"Nimewatoa wote waliopinda," Bi Futi alijigamba. "Hawa wamebaki walionyooka. Jicho hili linaona pindo lililozidi unene wa uzi!"

Yule bwana hakutazama migongo hata kidogo. Alidondosha chakula kidogo akangoja. Saba wakakimbilia juu, wengine wakabaki chini kama wageni wasiokaribishwa.

"Tazama matumbo. Yule, na yule wa kona. Yameingia ndani kama mfuko mtupu. Mgongo hupinda mwisho, dada. Wewe umekuwa ukitoa wa kufa, ukiwaacha wagonjwa waambukize wenzao."

Bi Futi, mwanamke asiyeishiwa neno hata msibani, akainama kuhesabu matumbo.

Mmoja alikuwa amekufa nyuma ya jiwe. Muuza samaki akaomba kimkasi cha kukatia nyuzi, akampasua juu ya kisosi. Tumboni mlikuwa na chembe nyeupe, kama chenga za mchele.

"Sina darubini, siwezi kuapa. Lakini nimeshaziona hizi. Ni kifua kikuu cha samaki."

"Dawa?"

"Ya kuuziwa ipo. Ya kuponya sijaiona. Hebu mikono." Vidole vya Bi Futi vilijaa matundu ya sindano. "Usivitie vidole hivi tena humo. Ugonjwa huu huingia kwenye kidonda cha mtu, ukakaa miezi. Ukiona uvimbe, nenda hospitali uwaambie habari za samaki. Na hawa watolewe wote, hata wanaokula."

"Mama atatazama nini?"

Yule bwana akaikunja kofia, akaikunjua. "Sijui, dada. Ningekuletea wengine, lakini wangu wametoka maji yaleyale waliyotoka hawa. Huenda ulikuja na haki yako."

Kesho yake asubuhi Bi Futi alimgeuza mama akaelekea ukutani. Akavaa glavu, akawahamishia samaki kwenye bakuli kwa wavu, akatia mafuta ya karafuu ya kuwafisha bila maumivu, kama alivyoelekezwa na muuza samaki. Walilala mmoja mmoja. Wale saba wanene walichelewa. Akawafukia pamoja na wavu na kokoto.

Kisha ikabidi amgeuze mama. Hawezi mtu kutazama ukuta siku nzima.

Macho ya mama yakaenda kwenye kioo. Yakaanza kona ya kushoto, yakapanda, yakashuka kulia, njia ileile waliyopita samaki. Yakarudia. "Nisamehe, mama," Bi Futi alisema. Macho yakarudia tena.

Kumwacha peke yake na kile kioo hakuweza. Kuketi bure pia hakuweza. Akaburuta cherehani hadi chumbani, akaivuta suruali kutoka chini kabisa ya lundo. Pengine mama angetazama gurudumu likizunguka. Hakulitazama. Kazi ilichukua robo saa. Miezi saba ya njoo Alhamisi, kumbe robo saa!

Alimwachia jirani mama kwa dakika chache, akamkuta muuza samaki kibandani, kafunika vioo vyake vyote kwa magunia, hauzi.

"Leo si Alhamisi," alisema.

"Nyamaza upime."

Akaiweka kiunoni, akatazama miguu ilipofika. Ilifika panapostahili.

"Nikulipe nini, dada?"

"Hunidai, sikudai," Bi Futi alisema, akageuka haraka, maana saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika.