Pipa Lililonyoosha Mstari

Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa msichana, na aliyeliua namjua. Ni mchuuzi wa mnadani aliyepita kwetu Mwazye akiuza dawa ya unga ya kutibu homa, aliyoikoroga mwenyewe kwenye beseni. Mimi na dada yangu tuliugua pamoja, tukanywa mkebe mmoja. Dada alichota juu, homa ikaendelea kumtesa. Mimi nilichota chini, dawa ilikotuama. Nilizimia siku mbili. Nilipoamka, upande mmoja wa dunia ulikuwa kimya.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuchanganya dawa ya minyoo ya ng'ombe, kiwandani hapa Majengo, sikuichukulia mchezo. Kiwanda chenyewe kidogo: pipa moja linalozunguka kwa mota, na sisi watu sita. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kuchanganya unga nilifundishwa na mama. Wa ulezi kiganja kimoja, wa mahindi kiganja kimoja, unasugua mpaka rangi iwe moja. Halafu unaongeza kiasi kilekile ulichonacho, unasugua tena, hivyo hivyo mpaka ungo ujae. Ukimwaga kidogo juu ya kingi kwa mkupuo, utakula ugali wenye madoa.

Msimamizi wa zamu hakutaka kusikia. Kijana wa cheti, shemeji wa tajiri mwenye kiwanda.

"Mama, hapa si jikoni kwako. Mwaga yote, washa mota, ongeza dakika!"

Nilimwaga dawa kidogo juu ya unga mwingi wa kujazia, maana aliamuru yeye. Wafugaji wakarudisha mzigo: pakiti moja haiui hata mnyoo, nyingine inaangusha ndama. Msimamizi akaandika kwa mkono wake kwamba kosa ni la mchanganyaji. Tajiri akaniita.

"Mzigo ukiharibika tena, mama, utarudi kwenu."

Kurudi kulima nisingeogopa. Niliogopa kurudi nikiitwa mama aliyeua ndama, mimi niliyenusurika unga wa namna hiyohiyo.

Ndipo tajiri akaazima kipimo cha mwanga kutoka Mbeya, kikaja na binti wa kukitumia. Alikifunga kwenye kidirisha cha kioo cha pipa. Pipa likigeuka, unga unaangukia kioo, mwanga usioonekana kwa macho unaupiga na kurudi. Dawa hurudisha mwanga tofauti na unga wa kujazia. Kwenye skrini mstari unarukaruka. Ukinyooka, basi dawa imeenea sawa kila mahali.

Msimamizi alianza kwa namna yake. Mstari ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Ongeza dakika," akasema. Zikaongezwa. Mbuzi akaendelea.

Nikaomba zamu yangu. Nilianzia ndooni, dawa kwa unga kiasi sawa, nikaongeza kwa kulingana, nikapanda mpaka kujaza pipa.

"Mama anatupikia ugali!" msimamizi akacheka.

"Subiri mboga," nikamjibu.

Mota ikawashwa. Mstari ukaruka kidogo, ukatulia, ukanyooka kama mtaro uliochimbwa kwa kufuata kamba. Nikasema zimeni. Msimamizi akakataa, eti dakika hazijafika. Pipa likazidi kuzunguka, na mbele ya macho yetu mstari ukaanza kuruka upya.

"Chembe nzito zinajitenga na nyepesi," binti akamwambia tajiri. "Mama alikuwa sahihi. Palepale alipotaka tuzime."

Tajiri alichukua ile karatasi ya lawama, akaichana. Kisha akamwambia shemeji yake kwamba kuanzia kesho pipa ni langu, na yeye atashika ndoo.

Tangu nianze kazi hapa, kijana huyo, ambaye ningeweza kumzaa, hakuwahi kuniamkia. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni na ndoo yake, akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

Nikamgeuzia sikio bovu.

"Unasemaje?"

Akarudia, kwa sauti, wote wakasikia. Ndipo nikamwitikia marahaba.