Maranda Katika Jicho la Zuhura

Enzi zetu pale Keko, mtoto alikua na maranda ya mbao kwenye nywele. Mlio wa randa ndio uliotuamsha, na harufu ya mbao za mninga ilitufikia kabla ya harufu ya chai. Tulijirusha kwenye malundo ya maranda mpaka baba, fundi wa makabati, atufukuze kwa futi yake.

Humo ndimo kibanzi kilimomwingia jichoni mdogo wangu Zuhura. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akamkamulia maziwa jichoni, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya mtaa wetu. Kesho yake jicho jekundu, machozi hayakauki. Tukasema ni macho mekundu yale ya kuambukizana, nikakatazwa taulo lake. Siku ya tatu akajifunika kanga, hataki mwanga, analia kuwa kibanzi bado kimo. Mama akamfunua, akaona kidoa cheupe juu ya mboni.

"Subiri, litapona lenyewe," jirani akasema.

"Nimesubiri vya kutosha. Mie mwanangu hawi chongo," mama akajibu, akambeba mgongoni mpaka hospitali.

Daktari alituambia kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kilichubuka na fangasi wa mbao wakaingia. "Macho mekundu ya kawaida hayaleti doa, mama. Hiki ni kidonda. Wengine hukipata kwa bakteria, wengine kwa virusi vya malengelenge ya mdomoni, na kila kimoja kina dawa yake. Usiweke tena kitu cha jirani." Mama akatia matone kila saa, wiki nenda wiki rudi, bila kukosa hata mara moja. Jicho likaokoka, ila kovu likabaki, na Zuhura huona ukungu upande huo mpaka leo.

Vijana wa sasa hata maranda hawayajui. Wao wananunua macho ya kijani, lenzi za urembo, na wanalala nazo. Juzi binti yangu Rehema kaamka na jicho jekundu, kajificha mwanga wa dirishani usimmulike.

"Ni uchovu tu, mama. Shoga yangu kaniazima dawa ya matone."

"Itupe. Toa hizo lenzi, vaa viatu, twende."

Alinuna njia nzima mpaka hospitali, na mie sikujali. Utoto wetu ulikuwa mtamu kuliko wao, hilo sibishani na mtu. Lakini ningeutoa wote, Zuhura anione vizuri kwa macho yote mawili.