Pasi za Kushoto

Msiniambie habari za washambuliaji. Wale hufunga, hukimbilia bendera ya kona, hubebwa. Sisi viungo kazi yetu ni kujua mwenzako yuko wapi bila kumtazama. Mimi na mwenzangu tulicheza katikati ya uwanja pale Gitega miaka mingi, yeye kushoto, mimi kulia. Nikikabwa naupeleka mpira kushoto huku macho yako kwingine, na yeye yupo. Hakuwa mtu wa kelele. Akitaka mpira alijipiga kofi dogo pajani, pa!, basi.

Alikufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Giheta, mvua ikinyesha. Tukamzika kwao Giteranyi, mkoani Muyinga, tukarudi Gitega kucheza, maana ligi haikusimama.

Mechi ya kwanza baada ya mazishi nilibanwa katikati, nikausukuma mpira kushoto. Kochi akapiga ukelele: "We! Kushoto iko nani?" Hapakuwa na mtu. Niliona haya, nikainua mkono kuomba radhi. Ni mazoea tu, nikajiambia, yatakwisha.

Yakwishe wapi! Nilirudia mechi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kilichonitisha hasa si kukosea. Kabla ya kila pasi nilikuwa nalisikia lile kofi la paja, karibu kabisa. Na mpira wenyewe ulikuwa hauendi nje. Ulisimama. Uwanja umeinama, udongo mkavu, na mpira unasimama tu kama vile mtu ameuwekea wayo. Golikipa wetu aliona. Tangu siku ile aliacha kunitania, na yule bwana hata msibani alikuwa anatania.

Aliyepewa nafasi ya marehemu alikuwa mchezaji hodari, lakini kila mara alinijia huku kulia, ananikanyaga. Siku moja mazoezini nikachoka. "Unanifuatafuata nini? Rudi upande wako!"

"Kaka, kule mi siendi," akajibu, wala hakucheka. "Iko baridi."

Nilimtukana, nisiseme uongo. Kisha nikaenda kusimama pale mwenyewe, saa nane mchana, jua linawaka. Malaika ya mikono yakanisimama. Nilitoka haraka nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kochi naye alikuwa amefika mwisho. "Petit, mi nakuhurumia kwa msiba," aliniambia. "Lakini pasi moja tena ya namna ile, utakaa benchi mpaka saison iishe." Mkataba wangu ulikuwa unakwisha msimu uleule. Nani atamchukua kiungo wa benchi anayewapasia wafu? Mpira ndio uliokuwa unanilisha, sina ufundi mwingine. Na mechi iliyofuata ilikuwa Muyinga.

Tuliposhuka kwenye basi, mama wa marehemu alikuwa ananisubiri getini. Alikuwa ametoka Giteranyi, amepakiwa nyuma ya baiskeli, miguu imejaa vumbi. Kesho yake familia ilikuwa iganduke, yaani iondoe matanga: watu wanakusanyika, wanakunywa, wanasema maneno ya mwisho, na waliobaki wanarudi kwenye maisha yao. Nilidhani amekuja kunikaribisha. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, bado unampa mpira?"

"Mama, nani kakwambia?"

"Kila mkicheza, jioni namsikia mlangoni anavua viatu. Anahema. Anakuja amechoka, mwanangu." Alinishika mkono kwa nguvu. "Leo usimpe. Mwache apumzike."

Kipindi cha pili wingu likashuka uwanjani, kama linavyoshuka kwenye milima ile, hata goli la mbali nikawa silioni. Hatujafungana. Mwisho kabisa mpira ukanifikia, wakanivamia, njia zote zimezibwa isipokuwa kushoto.

Pa!

Nikaushikilia. Pa! Pa! Hakuwahi kujipiga mara mbili tangu nimjue. Alijua mimi husikia mara ya kwanza. Jamani, roho iliniuma. Nilitaka kumpa, nisidanganye, nilitaka kuliko nilivyoutaka huo mkataba. Nikageukia kulia. Nikapigwa teke la kifundo, nikaanguka, lakini mpira ulikuwa umeshafika salama kwa yule jamaa anayeogopa baridi. Nyuma yangu kukawa kimya. Refa akamaliza mechi bila bao.

"Voilà! Sasa ndiyo mpira huo!" Kochi alinikumbatia. Nilimwitikia tu.

Kesho yake timu nzima tulikwenda Giteranyi. Ua umefagiliwa, viti vya kukodi, watu wamependeza. Mama alikuwa akizunguka na wageni, anawajazia vikombe, na aliponifikia akainama sikioni kwangu.

"Jana hakuja."

Nilimwambia ashukuru Mungu, mwanawe amepumzika. Akatikisa kichwa kukubali. "Nilikaa karibu na mlango," akasema. "Nilikaa mpaka majogoo. Hakuja." Mazikoni mama yule hakutoa hata chozi moja. Sasa alikaa chini palepale, mbele ya watu waliokuja kuondoa matanga, akalia kwa sauti, nami nikakaa kando yake nikalia. Ndiyo kwanza tulikuwa tumefiwa.