Funda la Kwanza Kashai

Asubuhi ya kuhama, Benigna aliamka akicheka. Mumewe Kaijage akamwuliza kulikoni, akajibu hakuna kitu, akaendelea kucheka huku anafunga kitenge. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mama wa watoto wanne, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, mtu ambaye kanisani Kagoma hata kukohoa hukohoa kwa adabu, leo anacheka peke yake kama mtoto aliyeahidiwa viatu vipya. Kaijage alimwangalia, akatikisa kichwa, akaenda kufungulia Fuso lango.

Kilichokuwa kinahamia mjini Bukoba ni kiwanda. Neno hilo la kiwanda lilikuwa la binti yao Annastella. Watu wengine wote wa Kagoma walisema tu "kwa Kaijage", kama vile pale hapakuwa na mtu mwingine. Yalipakiwa mapipa kumi na mawili ya bluu, machujio, mashine ya mkono ya kufunga vizibo, katoni za chupa na waini ya ndizi iliyokwisha kutulia, kila chupa imeviringishiwa majani makavu ya mgomba. Benigna alipanda mbele na dereva. Kila Fuso ilipoingia shimoni alipiga kelele, "Taratibu baba, umebeba watoto!" Dereva alifika Kashai, mtaa ule wa mjini, kichwa kinamwuma.

Sasa lazima niseme jambo ambalo watu wa Kagoma hawapendi lisemwe. Pombe ya ndizi, ile tuiitayo lubisi, kwa desturi ni kazi ya wanaume. Mwanamume ndiye anayeivisha ndizi shimoni, ndiye anayezikanyaga kwa miguu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hadi juisi itoke. Mwanamke huleta maji na kufagia. Lakini Kaijage alivunjika mguu kwa baiskeli mwaka ule waliooana, na mguu haukurudi sawasawa, kwa hiyo kaka yake mkubwa, Byarugaba, ndiye aliyekuwa akiwakanyagia. Kisha mwaka mmoja Byarugaba akalazwa na malaria wakati ndizi zimeiva na harusi ya jirani imekaribia. Benigna alinawa miguu, akakunja kitenge, akaingia mtumbwini.

Siku ya harusi Byarugaba alikuja amejifunga blanketi, akapewa kibuyu, akanywa, akachungulia ndani yake. Halafu akasema, "Mwaka huu ndizi zimekubali."

Ndizi! Benigna hakuisahau kauli ile. Miguu ilimwasha wiki nzima, na sifa zikaenda kwa ndizi.

Tangu hapo ni yeye aliyepika. Baadaye akahudhuria mafunzo ya akina mama pale Muleba, akajifunza kuua uchafu kwenye vyombo, kupima hamira, kuacha pombe itulie miezi badala ya siku, na lubisi ikawa waini, nyepesi, yenye rangi ya asali changa. Watu wakaja kutoka Ngenge na hata kutoka mjini. Wote waliuliza swali moja, "Ta Kaijage, mzee wetu, pombe yako ipo?" Na Kaijage alijibu kwamba ipo. Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Ila sifa za bure ni tamu, na yeye hakuwa na sababu ya kuzitema.

Jambo lililomkera Benigna zaidi lilikuwa funda la kwanza. Kwetu, pombe haiendi kwa mgeni kabla mwenye pombe hajaionja mbele ya macho ya watu. Hiyo ndiyo hati kwamba ni salama, imepikwa kwa moyo mweupe. Akishaonja, chombo kilekile anampa mkubwa kuliko wote, kisha wote wanakunywa. Na mwenye pombe, bila mjadala, ni mwanamume wa nyumba. Kwa hiyo miaka ishirini Benigna alipika, akachuja, akabeba, akapiga magoti na kukabidhi, halafu akasimama pembeni kumtazama mumewe akifinya macho kama mtaalamu. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, aitwe mwenye pombe, na aitwe na wale wazee wa Kagoma waliomwona anachafuka miguu. Alimwambia Annastella peke yake, tena kwa aibu.

Annastella, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, hakuona tabu yoyote. Akachapisha lebo zenye neno BENIGNA kwa herufi kubwa. Byarugaba alipoletewa chupa aliisoma mbele na nyuma.

"Jina la mwanamke kwenye chupa, sawa," alisema. "Hiyo ni biashara ya mjini. Lakini mtu hanywi lebo. Siku ya kufungua nitakuja kuona. Kunywa, hilo tutajua hukohuko."

Basi mnaelewa kwamba furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake.

Nyumba waliyopanga Kashai ilikuwa ghala la maharage, na kwa wiki tatu ilinuka maharage. Walipiga deki, wakapaka rangi, fundi akaweka vigae, chumba cha nyuma kikawa cha mapipa na cha mbele kikawa na meza sita, na ukutani pameandikwa CHUMBA CHA KUONJA. Vijana wa bodaboda wa kona ile walisimama kusoma, wakaulizana kama ni bure. Jirani wa mlango wa pili, Sada, fundi cherehani, alishona vitambaa vya meza na akakataa katakata kupunguziwa sifa.

"Mimi pombe siinywi, unajua," alimwambia Benigna. "Lakini vitambaa vyangu vitalewa kwa niaba yangu."

Benigna alimpenda kuanzia siku hiyo. Alipenda kila kitu. Alipenda bomba la maji linalofunguka ndani ya nyumba, alipenda kelele za mtaa, alipenda kusimama mlangoni na kumwona mtu asiyemjua akisoma jina lake kwa sauti. Usiulize alilala saa ngapi wiki ile.

Jumamosi ya kufungua, mchana wa jua zuri, Kosta ya kukodi ilishusha wazee ishirini na wawili kutoka Kagoma, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za Pasaka. Byarugaba alishuka wa mwisho, na fimbo, na koti. Benigna alimwamkia kwa magoti kama kawaida. Kaijage aliwakaribisha, wakakaa. Zikapita kahawa za kutafuna, habari za mvua, habari za ng'ombe wa nani amezaa.

Kisha Annastella akatokea na aproni nyeupe na sinia. Kila mzee akawekewa vijiglasi vitatu, kavu, tamu, na ile nyekundu iliyochanganywa na rozela, na katika kila kijiglasi funda moja.

"Hii ni dawa?" akauliza bibi mmoja. "Mara ngapi kwa siku?"

Watu wakacheka, na Benigna akacheka kuliko wote.

"Tunaonja, bibi," alisema Annastella. "Tutakwenda pamoja. Shikeni ya kwanza. Msinywe bado. Kwanza tunanusa. Leteni pua karibu kabisa, vuteni, mwambieni mwenzenu mmesikia nini."

Kicheko kikakatika.

Msichana yule alikuwa amesema vizuri, kama alivyofundishwa. Lakini kwa wazee wale, kunusa pombe ya mtu ukiwa umekaa nyumbani kwake ni sawa na kumwambia usoni, wewe umetia kitu humu. Watu wameachana undugu kwa pua. Na sasa mtoto wa nyumba yenyewe anawaambia wanuse! Mzee mmoja alirudisha kijiglasi mezani polepole. Wa pili naye. Vikarudi vyote, tik, tik, tik, na wazee ishirini na wawili wakakaa mikono mapajani wakiangalia vitambaa vya Sada.

Annastella akaona haya, akarudia maelezo kwa sauti ya juu zaidi, akaharibu zaidi.

Benigna alikuwa amesimama karibu na mlango wa mapipa na jagi mkononi. Furaha yake yote ilishuka hadi kwenye visigino. Wamekataa, alijiambia. Wamekuja mwendo wote huu kunikataa. Alimtazama Byarugaba, na Byarugaba alikuwa anatazama dari.

Sada, aliyekaa pembeni na juisi yake ya ndizi isiyochachuliwa, alimnong'oneza. "Mbona hawanywi? Wamefunga?"

"Hawanywi," alijibu Benigna, na palepale, kwa kulisema, akili ikamrudia. Loo, mjinga mimi! Nani ameonja? Ameonja nani? Ukutani, chini ya maandishi makubwa, Annastella alikuwa amebandika karatasi ya masharti, na la kwanza lilisema mhudumu hanywi kazini. Na yeye Benigna, kwa msisimko wa vigae na bomba, alikuwa amelikubali bila kufikiri. Pombe imekwenda kwa wageni bila mwenyewe kuigusa. Hata angekuwa yeye mgeni, asingekunywa.

Kaijage alikuwa ameng'amua pia. Aliinuka kitini, akaegemea mguu wake mzima, akanyoosha mkono kuchukua kijiglasi. Chumba kizima kikapumua, kwa sababu sasa mambo yanakwenda yanavyokwenda siku zote. Mwanamume wa nyumba ataonja, atafinya macho, watakunywa, sherehe itapona.

Na Benigna atabaki mbeba jagi, Kashai kama Kagoma, hadi siku ya kuzikwa. Aliliona hilo wazi. Alijua pia kwamba akikosea hapa, wazee watapanda Kosta na vinywa vikavu, na habari itafika Muleba kabla yao.

"Baba Annastella," alisema. "Kaa."

Hakuwahi kumwambia mumewe kaa mbele za watu. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Kaijage aligeuka, akamwona alivyoshika jagi, na kwa sekunde mbili hivi alionekana kama mtu anayehesabu miaka. Akakaa.

Benigna hakuchukua kijiglasi. Alichukua glasi ya maji, akamimina waini kavu hadi juu, nyingine ikamwagikia kitambaa. Alisimama katikati ya chumba. Hakunusa. Desturi inataka funda moja, lakini hofu ilikuwa imemshika, akanywa, akanywa, glasi ikafika nusu kabla hajakumbuka kuishusha. Ilikuwa nzuri. Mungu wangu, ilikuwa nzuri! Alitamani kuwaambia, lakini mwenye pombe hasifii pombe yake, kwa hiyo alifuta mdomo kwa kiganja, akatembea hadi kwa Byarugaba, akamnyooshea glasi ileile. Wala hakupiga magoti. Ungepigaje magoti na glasi imejaa nusu?

Byarugaba aliitazama glasi. Akamtazama shemeji yake, akateremsha macho hadi miguuni pake, kwenye vile viatu vipya vya Kashai, na macho yakakaa huko kitambo. Kisha akaiweka fimbo chini, akapokea kwa mikono miwili.

Akanywa. Akameza. Ng'ambo ya ukuta cherehani ya msaidizi wa Sada ilisikika ikishona.

"Wakola," alisema Byarugaba, yaani ahsante kwa kazi, na akaimalizia glasi. "Sasa ondoeni hivi vitone. Sisi si kuku."

Chumba kikalipuka. Vijiglasi vilinywewa vyote vitatu kwa mkupuo, kavu, tamu na nyekundu, bila mpangilio wowote wa Dodoma, na glasi za maji zikatolewa kabatini. Annastella aliibandua ile karatasi ukutani, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Bibi wa dawa aliomba dozi ya jioni. Benigna alizunguka na jagi, anamimina, anachokozwa, anajibu, mwili mwepesi kana kwamba amerudi umri wa kuolewa.

Kwenye saa kumi aliingia mtu wa mjini, shati limepigwa pasi, Lwakatare, mwenye hoteli kule karibu na ziwa, ambaye Annastella alikuwa amemwalika. Alikuta chumba kinaimba. Mlangoni walikaa wazee wawili bega kwa bega, Kaijage na kaka yake, na kwa kuwa Kaijage ndiye aliyevaa tai, mgeni alimwinamia yeye.

"Shikamoo mzee. Nimesikia sifa. Wewe ndiwe mwenye pombe?"

Kaijage alifungua mdomo. Mazoea ya miaka ishirini hayaishi kwa mchana mmoja. Lakini Byarugaba alimwahi.

"Huyu?" alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mapipa. "Huyu ni mume wa mwenye pombe. Mwenyewe ni yule pale na jagi. Nenda ukamsalimie vizuri, na tafadhali, usimnusie."

Benigna alisikia. Alisimama na jagi lake katikati ya meza, waini inafurika kwenye glasi ya mtu, na hakuna aliyemwambia imejaa.