Uji wa Mama Tatu

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ulikuwa na mwaka na miezi miwili. Niliwahi kukufuata pale kituo cha kulelea watoto, Kawajense, nikamkuta Mama Tatu, mlezi wenu, anamfuta mtoto mwingine kinyesi. Akamaliza, akajifuta mikono kwenye kanga. Basi. Akavuta bakuli lako, akachovya kidole kwenye uji kuona kama umepoa, akakilamba, akachovya tena. Na wewe ukafungua mdomo.

Nilishtuka. Halafu nikasema nini? "Shikamoo mama."

Ndiyo, mimi huyu, ambaye mdomo wangu mtaani Misunkumilo nzima wanaujua! Yule ni rika la bibi yako, na kwetu mkubwa haambiwi mikono yake ina mavi. Tena niliogopa: nikimuudhi, hasira atazimalizia kwako nikiwa sipo. Nikakubeba, nikaondoka nachekacheka. Kesho yake nikakurudisha. Hapo ndipo ninapojichukia.

Jumatano ukaanza kuharisha. Kufika jioni macho yameingia ndani, unalia machozi hayatoki. Muuguzi alitafuta mshipa wa dripu, akakosa mara mbili. Nilipiga kelele hospitali nzima ikageuka.

Ulipopona nilimfuata Mama Tatu. Salamu sikutoa.

"Mama, ulimfuta mtoto kinyesi, ukamlisha wangu bila kunawa. Niliona."

Akaangalia mikono yake. "Uliona lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu! Na Jumanne ukamleta? We binti! Uliona, ukaniamkia, ukanyamaza? Nina watoto kumi na saba humu, bomba liko kule nyuma ya choo, najisahau. Si ungenifokea hapo hapo!"

Nilikuja na matusi yangu yote, nikaishia kumuuliza kama ana dumu tupu. Kesho yake tulifunga kibuyu chirizi pale mlangoni, dumu la kukanyagia kijiti maji yatiririke, na sabuni kwenye kamba. Kosa lake sikulisamehe haraka. Langu bado.

Kwa hiyo mwanangu, siku ukimwachia mtu mtoto wako, ukiona uchafu sema pale pale, na heshima yako yote: "Shikamoo mama, naomba unawe kwanza." Akinuna, anune. Akikufukuza, ondoka na mtoto wako mzima mgongoni. Mimi heshima ya kunyamaza nusura inizikishe wewe.

Mungu akupe watoto wenye afya, na akupe mdomo wa kuwasemea.