Ng'ombe wa Kuazima

Juzi, katika ukumbi wa hoteli hapa Garissa, wasomi wawili walibishana mbele yetu waalikwa kutwa nzima: biashara ya binadamu ni nini hasa? Mmoja alitaka hata mtoto anayepelekwa kulelewa kwa watu ahesabiwe humo. Mwenzake akasema huko ni kutia chumvi, hiyo ni mila. Niliwachukia wote wawili, na chai yao sikuigusa.

Mila hiyo naijua. Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na Wasomali wa huku waliotaka kujitenga na Kenya, wanajeshi walituswaga kambini, wakatuzungushia seng'enge, na mifugo yetu wakaimaliza kwa risasi. Kwetu, aliyepoteza mifugo huazimwa mnyama wa kukamua: maziwa ni yako, mnyama ni wa mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa Ijara, aliyekuwa na pasi ya kuingia na kutoka kambini, akatuazima ng'ombe. Akaondoka na dada yangu wa miaka tisa, eti akamsaidie mkewe mpaka ng'ombe arudi. Baba akainua mikono na kusoma Fatiha kuyafunga makubaliano. Dua, jamani! Mpaka leo sijamsamehe.

Haikupita miezi mitatu, askari wakampiga risasi ng'ombe yule kwa kusogelea seng'enge. Mama akaenda kwa ofisa wa serikali, akasema binti yake ameuzwa. Baba na mfanyabiashara wakaitwa, na mfanyabiashara hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Bwana mkubwa, hakuna mtu alinunua mtu," akasema. "Lete ng'ombe yangu, chukua msichana yako."

Ofisa akamgeukia baba. "Ulipewa pesa?"

"Hapana."

"Mtoto alifungwa kamba?"

"Hapana."

"Basi hapa hakuna kosa. Nendeni mkaelewane nyumbani."

"Ng'ombe mmemuua nyinyi!" mama akapiga kelele. Wakamtoa nje kwa kumkokota.

Sasa, mila ileile inasema mnyama wa kuazima akifa bila uzembe wako, hudaiwi. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ofisini. Angelitamka, dada angerudi. Hakufungua mdomo, kwa sababu asubuhi ile mfanyabiashara alikuwa amemwahidi ng'ombe wa pili.

Ng'ombe huyo akaletwa wiki ileile. Dada hakurudi tena. Mimi nilikuwa na miaka sita, nilikuwa na njaa, na maziwa yale niliyanywa.