Fundi Najet na Kompyuta ya Wazee wa Nabeul

Nabeul nzima, ukisema kompyuta yako imegoma, utaambiwa umpelekee Najet, na hutamsikia mtu akiuliza ni Najet yupi. Najet Ghorbel alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi wa kimo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, mikono yake mipana isiyojua kutetemeka. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza vyerehani katika kiwanda cha nguo nje ya mji. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi majumbani kushona mapazia. Yeye alinunua kompyuta mbili mbovu sokoni, akazifungua juu ya meza ya jikoni, akakaa nazo msimu wote wa baridi mpaka zikamweleza siri zao.

"Chenye sindano na kisicho na sindano," alizoea kusema, "vyote vinataka uvisikilize kwanza ndipo uvishike."

Alikuwa na sifa moja iliyomtangulia kila mlango: kazi yake hairudi. Hakujisifia mwenyewe, watu walimsemea, naye hakuwakanusha.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, hata kahawa yake haijapoa, simu ikalia.

"Bi Najet, imekufa!"

"Nani amekufa?"

"Kompyuta!"

"Mzee Hamadi, umenikata maini bure. Usiiguse tena. Nakuja."

Hamadi Zguidi alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyeishi na mdogo wake Béchir katika nyumba ya zamani yenye ua na michungwa michungu miwili. Béchir hakuoa. Maisha yake yote ya kazi yalipita msituni kaskazini mwa rasi inayoanzia Nabeul, akilinda miti. Ndugu hao walikuwa na kazi moja waliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja: kitabu cha mimea ya rasi yote. Béchir alitembea, akaleta jani, akaeleza linaitwaje, linaota wapi na linaponya nini. Hamadi alikaa kwenye kompyuta akaandika. Mimea mia tatu na ushei ilikuwa humo ndani.

Najet aliifahamu mashine hiyo. Alikuwa ameifungua mwezi wa nne, wakati kila ua wa nyumba unanukia maua ya michungwa yanayochemshwa kutoa marashi, akabadilisha kile kisanduku cha umeme kilichokuwa kinanguruma kama paka mgonjwa.

Alipoingia, alimkuta Béchir ameketi kwenye jamvi uani, akikwangua udongo kwenye mizizi kwa kisu kidogo.

"Asubuhi njema, Mzee Béchir."

"Asubuhi njema, binti yangu. Huko ndani mwambie mwenye nyumba birika halina chai."

"Mwambie mwenyewe, mdomo unao!" sauti ya Hamadi ikatoka dirishani.

"Mdomo ninao, ruhusa sina. Mimi ni miguu tu."

Najet aliangalia dirisha, akaangalia jamvi, akaona kando ya mzee sahani yenye kipande cha mkate na zeituni tatu zilizokauka. Akaingia ndani bila kuuliza.

"Siku ya tano leo," Hamadi alisema, akifunga mlango nyuma yake. "Jumatano jioni niliizima salama salimini. Alhamisi bwana huyu akaamua kusogeza meza karibu na dirisha. Ati macho yangu yapate mwanga! Nani alimtuma? Akaivuta meza na kila kilicho juu yake. Nabonyeza: kimya. Miaka kumi na mmoja, Bi Najet!"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia maneno ya mtu mwenye hasira."

"Maneno gani, Mzee?"

Hamadi akashughulika na mkono wa shati lake. "Nilimwambia kitabu ni changu, yeye ni miguu tu."

Najet akavaa miwani, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikamulika kama mtu anayekonyeza jicho, feni ikajitikisa nusu mzunguko, kisha vyote vikazimika. Akabonyeza tena. Vilevile. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akabonyeza mara ya tatu.

"Haijafa," alisema. "Inaanza, kisha inaogopa kitu."

"Inaogopa nini?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Akaanza mwanzo, kama kawaida yake, maana alikwisha kuona mafundi wakibomoa kompyuta nzima kumbe tatizo ni plagi. Akachomeka taa ya mezani kwenye soketi ile ile: ikawaka. Akabadilisha waya: hakuna tofauti. Akafungua kasha, akakitenga kile kisanduku cha umeme peke yake, akakijaribu kwa kipande cha waya. Feni yake ikazunguka bila shida. Akapima kwa mita: umeme umetimia. Hamadi alisimama nyuma yake akipumua sikioni.

"Mzee, ukinipumulia hivyo nitaingia homa. Hakuna chai kweli nyumba hii?"

"Ipo, ipo. Yule ni mchokozi tu," akasema Hamadi, akaenda jikoni.

Akiwa peke yake, Najet akachomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akazirudisha. Akatenganisha diski. Akatoa kila kinachotoka. Mashine iliendelea kukonyeza na kuzimika. Basi akaamua kuung'oa ubao mkuu wenyewe, ule unaoshikilia vipande vyote. Akafungua skrubu zake moja moja, akaulaza ubao mezani juu ya kipande cha boksi, akauunganishia umeme.

Ukawaka. Feni ikashika kasi, wala haikuzimika.

Najet akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Kama ubao ni mzima nje na unazimika ndani, basi ndani ya kasha kuna chuma kinachogusa mahali kisipopaswa. Akaliinamisha kasha tupu. Kitu kidogo kikagonga bati mara mbili, kikamdondokea kiganjani.

Ilikuwa skrubu nyeusi.

Skrubu zote za mashine ile zilikuwa nyeupe, isipokuwa nne alizozifunga yeye mwezi wa nne kwenye kisanduku kipya. Nyeusi zilitoka katika kopo lake, na Nabeul nzima hakuwepo fundi mwingine wa skrubu nyeusi. Akakumbuka siku ile. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, simu ilikuwa ikilia kila mara, naye alifanya kazi mkono huku, roho kule. Moja ilimponyoka, akachukua nyingine koponi, akafunga, akakimbia. Iliyoponyoka ikalala nyuma ya ubao miezi miwili bila kumdhuru mtu, mpaka meza iliposogezwa.

Akasikia viatu vya Hamadi vikirudi na vikombe vikigongana kwenye sinia. Mkono wake, kabla yeye mwenyewe hajaamua, ukaitia skrubu mfukoni.

"Inazunguka!" Hamadi karibu aangushe sinia. "Inazunguka! Mungu akupe maisha! Ni nini? Ni ule mvuto wa meza, siyo? Sema, ni mvuto wa meza!"

"Mashine hizi, Mzee, huwa zinachoka," alijibu, macho yake kwenye chai.

"Zinachoka! Zinachokeshwa!" Hamadi akakimbilia dirishani. "Unasikia wewe huko? Fundi ameokoa ulichokiharibu!"

Uani kisu tu kilisikika kikikwangua mizizi, taratibu, bila kupunguza wala kuongeza.

Najet akairudisha mashine ndani ya kasha kipande kwa kipande, akainuka kuvuta kiti karibu na dirisha. Hapo akamwona Béchir amenyanyua ile sahani ya zeituni, akaitazama, akairudisha chini. Mgongo wa mzee ulikuwa umeinama kuliko alivyomzoea. Najet akatia mkono mfukoni.

"Mzee Hamadi," akasema, "kaa chini."

"Nini tena? Imezimika?"

"Kaa kwanza." Akaiweka skrubu juu ya sinia, katikati ya vikombe. "Hii ndiyo iliyoizima. Ni yangu. Niliiangusha mwezi wa nne, nikafunga kasha bila kuhesabu. Kama siyo meza, ungekuwa mlango uliofungwa kwa nguvu, au wewe mwenyewe ukifuta vumbi. Mdogo wako hakuharibu kitu."

Hamadi akaishika skrubu kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho kama alivyozoea kufanya na mbegu.

"Umeniambia imechoka."

"Nimekudanganya. Niliona aibu."

Najet alingoja matusi, akawa tayari kuyapokea. Lakini Hamadi alisimama, magoti yakalia, akatoka uani bila kumtazama. Dirisha lilikuwa wazi, na Najet, apende asipende, akasikia yote.

"Béchir. Ule mmea wa mchangani, wenye maua ya njano, unaitwaje?"

"Miguu haijui majina."

Jamvi likalia, Hamadi alikuwa ameketi.

"Kompyuta aliiharibu fundi," alisema. "Skrubu yake. Amekiri mwenyewe."

"Basi nimesafishwa. Hongera kwangu."

"Sikiliza, bwana. Hata ungeivunja kwa shoka, yale maneno hayakuwa ya kusemwa. Nilikosa."

Kisu kikaacha kukwangua.

"Rudia hapo pa shoka," Béchir alisema.

"Hata ungeivunja kwa shoka."

"Naam. Shoka ninalo, unajua lilipo."

Wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote wawili, kicheko kibovu cha wazee chenye kikohozi ndani yake. Waliingia pamoja. Béchir akamtazama Najet juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe, binti yangu? Siku nne nimekula kama paka wa gati kwa ajili yako!"

"Nisamehe, Mzee."

"Nitakusamehe ukila nasi. Hamadi, choma pilipili."

Najet akawasha mashine ili waone kuwa hakuna kilichopotea. Kitabu kilifunguka mwanzo kabisa. Béchir alisogea, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi, maana kusoma kwake hakukuwa kwa haraka.

"Hapa naona Hamadi Zguidi. Mimi nipo ukurasa gani?"

Masikio ya Hamadi yakawa mekundu. Alisema kwamba alikusudia kuliweka jina la mdogo wake katika shukrani, mwishoni. Béchir aliendelea kungoja, mikono nyuma. Mwalimu akakaa, akaanza kubonyeza herufi kwa kidole kimoja.

"Nani atangulie?" akauliza, bila kugeuka.

"Miguu itangulie. Sijaona aliyefika mahali akitanguliza kichwa."

Mchana walikula pilipili na nyanya za kuchoma zilizopondwa, mafuta ya zeituni juu yake, wakichovya mkate katika bakuli moja. Najet alikula kidogo. Akili yake ilikuwa imerudi mwezi wa nne. Katika juma lile la hospitali alikuwa ametengeneza mashine nyingine nne, kwa haraka ile ile.

Kesho yake hakufungua duka lake la ufundi. Alichukua bisibisi na daftari, akapita mlango kwa mlango. Kinyozi alimcheka: "Najet, umeanza kuzeeka? Mashine inawaka, wewe unataka kuifungua!" Mwenye duka la vyombo vya udongo alikunja uso, akasema kama fundi hajiamini yeye atamwamini vipi, baadaye alihamia kwa fundi mwingine, na Najet alipopita dukani kwake aliendelea kumsalimu. Kwa hao wawili, na kwa mwenye ofisi ya kuchapa barua, hakukuta skrubu iliyopotea.

Mashine ya nne ilikuwa ya mkunga mmoja karibu na soko la Ijumaa. Mama huyo alimwachia chumba, akaenda kumbembeleza mjukuu aliyekuwa analia. Najet alifungua kasha, akalimulika kila kona kwa taa, akaliinamisha upande huu na upande ule akitega sikio. Hakuna kilichogonga. Akahesabu skrubu kwa sauti, mbili mbili, akazifunga. Alipobonyeza kitufe, mashine ikaamka bila kusita, naye akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuitazama mpaka picha ya wajukuu ikajaa kwenye skrini.

"Imekuwaje?" mkunga aliuliza kutoka jikoni. "Kuna ubaya?"

"Hakuna, dada. Iko sawa."

"Basi njoo unywe maji ya limau kabla hayajapoteza ubaridi."